Mkate Usio na Ngano, Tena Mtamu

Safari hii tuzungumze juu ya mtoto aliyekatazwa ngano. Ugonjwa wake huitwa siliaki. Mwili wake haupatani na gluteni, ile protini yenye kuvutika iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Akiila, utumbo mdogo huharibika: huharisha, tumbo hujaa gesi, hakui, na damu huwa pungufu hata akipewa vidonge vya madini ya chuma. Tiba ni chakula, maisha yote.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Mkate ulipoadimika nchini kwake katika njaa ya mwaka 1944 na 1945, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Sisi wauguzi husema "asile ngano" tukaita mgonjwa mwingine. Mama ndiye anayebaki na kazi. Mkate wa dukani usio na gluteni ni ghali, na mara nyingi ni mkavu, unamomonyoka mkononi, maana gluteni ndiyo inayoshika unga na kuzuia hewa ndani yake. Mtoto akipewa huo huku ndugu zake wanakula chapati, atadokoa chapati. Nani asingedokoa? Lakini hata kipande kidogo huudhuru utumbo, ingawa siku hiyo pengine hataumwa.

Basi tumtafutie mkate utakaogombewa na nyumba nzima. Dada zetu wa Pwani wanao tangu zamani: mkate wa kumimina. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, chuja, kisha usage kwa blenda pamoja na kikombe 1 cha tui zito na hamira kijiko 1 cha chai, mpaka uwe laini kabisa usiokwaruza vidoleni. Ukiwa mzito mno ongeza tui kidogo. Funika hadi uumuke, kama dakika 45. Tia sukari nusu kikombe au zaidi, iliki, na ute wa yai moja uliopigwa ukatoa povu. Mimina katika sufuria yenye moto iliyopakwa mafuta, uache kwa moto mdogo mpaka pembeni pakauke, kisha funika na kutia makaa juu ya kifuniko uive na kugeuka rangi. Wenye oveni watumie oveni. Sisi tunaupenda wa makaa.

Wapo wanaoongeza unga wa ngano kidogo, kwa hiyo ule wa kununua uulizie kwanza. Unga wa mchele wa mashineni nao una hatari kama mashine hiyo husaga ngano. Ndiyo sababu tunasema saga nyumbani. Soma pia pakiti ya unga wa lishe, kwani mwingi huchanganywa ngano.

Mama anayeshuku tu asimwachishe mtoto ngano kwanza. Apimwe damu akiwa bado anaila, la sivyo kipimo huweza kuonyesha hana ugonjwa.

Mkate wa Meza ya Bwana nao kwa kawaida ni wa ngano. Kwa mtoto anayeshiriki, zungumza na mchungaji wako mapema, si asubuhi ya ibada.