Istilahi Hazikaririwi

Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, husomwa hotuba nyingi za kuisifu lugha hii. Makofi yakikoma, mwanafunzi wa Kiswahili aliye ughaibuni huirudia karatasi yake yenye safu mbili: kushoto istilahi ya Kiswahili, kulia neno la Kiingereza. Hukariri maneno hamsini, akatahiniwa, akafaulu, akayasahau. Hilo ndilo linaloitwa kujifunza msamiati wa kitaaluma.

Orodha hiyo humfunza jambo moja la uwongo: kwamba maana inakaa katika Kiingereza, na Kiswahili ni kibandiko tu. Na litazamwe neno kivumishi. Ndani yake mna vumisha, na ndani ya vumisha mna vuma. Mtoto aliyelelewa London katika nyumba ya Waswahili anajua kwamba upepo huvuma na sifa za mtu huvuma. Hakuna aliyemwonyesha kwamba sarufi imeazima kitenzi hichohicho kulitaja neno linaloipa nomino sifa. Usanisinuru nao umeunganisha usanisi na nuru, kwani mmea hujiundia chakula kwa nguvu ya mwanga.

Watetezi wa orodha watajibu kwamba mofimu na fonimu hazina mzizi wa kuchimbuliwa katika Kiswahili. Ni kweli, na hapo orodha hushindwa zaidi. Mofimu hueleweka pale mwanafunzi anapolikata neno wanapendana, wa-na-pend-an-a, akaeleza kazi ya kila kipande. Hata penye mzizi ulio wazi, anayeijua nuru hajaujua usanisinuru mpaka aweze kuueleza kwa sentensi zake mwenyewe.

Kisingizio kwamba Kiswahili hakina istilahi kimechakaa. Kamusi sanifu za TUKI, ile ya isimu na lugha na ile ya biolojia, fizikia na kemia, zilichapishwa mwaka 1990. Kinachokosekana ni matumizi. Mhadhiri anayefundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiingereza muhula mzima, kisha akagawa orodha ya istilahi, anaandaa wasomi watakaoamkiana kwa Kiswahili na kujadiliana kwa Kiingereza. Mtihani wa istilahi na uwe insha. Atakayejenga hoja moja kwa istilahi tano amejifunza zaidi ya aliyekariri hamsini.