MADAI YA WALIOUMIA SI MALI YA TAJIRI KUYAPUNGUZA



Siku hizi matajiri wetu wamepata somo jipya. Wanafundishwa namna ya "kusimamia madai" ya wafanyakazi walioumia kazini, ili gharama ishuke. Neno ni tamu. Lakini tuulize: gharama ikishuka kwa tajiri, inakwenda wapi? Kidole kilichokatwa hakioti tena kwa sababu karani ameandika kidogo. Gharama inahamia nyumbani kwa aliyeumia, kwenye unga na karo ya watoto.

Hesabu yao twaijua. Bima hulipiwa kila mwaka, na kampuni yenye madai mengi hutozwa zaidi. Basi ziko njia mbili za kupunguza madai. Moja ni kufunika meno ya mashine, kununua glavu, na kutomrudisha kazini mtu aliyekesha zamu ya usiku. Nyingine ni kuficha ajali. Ile ya kwanza tutaiunga mkono wakati wowote. Ya pili twaikataa kabisa.

Ajali hufichwaje? Mtu ameumia mkono Jumatatu. Jumanne anaitwa aje akae stoo na bendeji yake, ahesabiwe yuko kazini. Na ubao langoni unaendelea kutangaza siku zilizopita bila ajali! Hatusemi kazi nyepesi ni mbaya. Daktari akiiagiza, nayo ikamsaidia mtu kupona, ni jambo jema. Lakini mnyapara si daktari. Na sababu yake ni wazi: chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi anastahili kulipwa mapato yake, hata kwa muda wa miezi 12. Kumkalisha stoo ni kuzifuta siku hizo.

Halafu kuna asilimia. Kwa ulemavu wa kudumu sheria huanzia mapato ya miezi 96, kisha mtu hupewa sehemu kwa kadiri ya ulemavu. Tazama mtu wa mshahara wa shilingi 15,000. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akiandika ulemavu wa asilimia 10, ni shilingi 144,000. Akiandika 5, ni 72,000. Mstari mmoja wa kalamu umekula nusu. Sasa daktari huyo akiwa analipwa na kampuni, je, ni makosa sisi kutaka wa pili atazame?

Watasema twapenda magomvi. Basi na wakumbuke mapatano yalivyo. Zamani, chini ya sheria ya kale ya fidia, mfanyakazi aliweza kumshtaki tajiri mahakamani kwa uzembe wake. WIBA imeifunga njia hiyo. Mawakili walipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Lakini Mahakama ya Rufani ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza neno Desemba 2019. Tajiri amekwisha kupata faida yake: hashtakiwi. Kwa upande wetu tuliahidiwa kulipwa bila kuthibitisha kosa la mtu. Tajiri anayebana madai anataka kula pande zote mbili za mkate.

Kwa hiyo, ndugu, aliyeumia aseme siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, hata jeraha likiwa dogo. Tajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini tangu apate habari; kwa kifo, saa 24. Fomu ya DOSH/WIBA 1 ikijazwa, omba nakala, uangalie mshahara ulioandikwa, maana ovataimu ya kila mwezi nayo ni mapato. Madai yasipite miezi 12 bila kupelekwa. Yakishapelekwa, tajiri au bima wake ana siku 90 za kulipa. Uamuzi wa Mkurugenzi usipokuridhisha, una siku 60 za kupinga.

Na ukiletewa karatasi ya kusema umepokea kitu kidogo na huna dai tena, usitie sahihi wala kidole gumba. Makubaliano ya kuacha haki hiyo ni batili kwa sheria yenyewe. Ichukue karatasi hiyo, umletee mwakilishi wa chama katika idara yako.