Mkeka Uliochanwa na Timu Moja



Miezi michache iliyopita mama mmoja alinijia baada ya Misa ya kwanza, akaniomba nimkanye mwanawe (ameniruhusu kuyaandika haya). Kijana hubeti matokeo ya mpira kwa simu. Ada ya chuo ilikuwa imekwenda, na cherehani ya mama nayo. Nilimwita, nikamkemea kwa ukali. Alilia, akaapa kuacha. Siku ya tatu alibeti tena.

Nakiri kwamba nilimkemea mtu ambaye sikumwelewa. Tumezoea kudhani kuwa mcheza kamari hunaswa na utamu wa kushinda. Waliochunguza ubongo wameona jambo lingine. Wolfram Schultz, alipokuwa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alipima seli za ubongo wa tumbili zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Mwanzoni seli hizo zilichangamka tumbili alipopewa tone la maji ya matunda. Alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia tone, zilichangamka taa ilipowaka, na tone lenyewe halikuzishtua tena. Tone lilipozuiliwa, zilinyamaza wakati uleule lilipotarajiwa. Mwaka 1997 yeye, Peter Dayan na Read Montague walieleza maana yake: seli hizo hutangaza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa tangazo hilo ubongo hujifunza.

Basi mshahara ujao kila mwezi huzoeleka. Ushindi usiotabirika hauzoeleki kamwe. Mwaka 2003 Schultz na wenzake waliona kwamba, katika kungojea tone lisilo na hakika, seli hizo zilizidi kuchangamka hatua kwa hatua, na zaidi sana pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Tena upo ule mkeka wa timu kumi, ambapo tisa zimeshinda na moja imeuchana. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha kuwa kukosa kidogo tu huamsha sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi wenyewe. Kunaudhi, lakini huongeza hamu ya kuendelea, hasa mchezaji anapokuwa amejichagulia mwenyewe. Kijana wetu huzichagua timu zake kwa makini kuliko alivyochagua masomo.

Kilichonishtua zaidi ni habari ya wagonjwa wa Parkinson. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 11 waliotekwa na kamari walipokuwa wakitumia dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Kwa wale waliofuatiliwa, dawa ilipopunguzwa au kuondolewa, kiu ile ilikoma. Ningewakemea nao?

Sisemi kwamba hakuna dhambi. Katekisimu, namba 2413, haihukumu mchezo wa bahati kwa wenyewe (hata bahati nasibu yetu ya Mavuno, ambayo sasa naitazama kwa wasiwasi kidogo), bali inaonya kwamba shauku yake yaweza kuwa utumwa. Namba 1735 inakiri kuwa mazoea huweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Niliyasoma hayo seminarini, nikayasahau mbele ya kijana anayelia.

Naona sasa kwamba kiapo ni silaha dhaifu, kwa kuwa taa huwaka kabla mtu hajakumbuka alichoapa. Na taa yake ni simu: ujumbe wa kampuni ya kubashiri unaomwita kwa jina lake Jumamosi asubuhi. Wanaoutuma wanajua wanachofanya, nami sioni kwa nini lawama yote imwangukie anayeupokea.

Tulipokutana tena sikumtaka aape. Alifunga akaunti yake mbele yangu, akaikabidhi laini yenye fedha kwa dada yake, na tukakubaliana aende hospitali ya mkoa kuonana na daktari wa afya ya akili. Jumamosi jioni huja kufundisha watoto wa Kipaimara, saa zilezile za mechi. Tangu hapo ameanguka mara moja, akaja mwenyewe kunieleza kabla mama hajajua. Cherehani haijarudi. Mama anashona kwa mkono.