Kidole Nacho Kinasoma

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ngozi huja mwisho, na ikishatajwa tu kengele inalia. Matokeo yake, sisi walimu tarajiwa tunaamini kwamba mwanafunzi asiyeona hana njia ya kusoma. Njia anayo. Wasioijua ni sisi.

Jaribu hili leo hosteli. Chukua vijiti viwili vya meno, mwenzako wa chumbani afumbe macho. Mguse taratibu kwenye ncha ya kidole kwa vijiti vyote kwa pamoja, vikiwa vimeachana milimita 3 hivi. Atakwambia ni viwili. Sasa mguse mgongoni kwa nafasi ileile. Ataapa ni kimoja! Mgongoni itabidi uviachanishe hadi kama sentimita 4. Ncha za vidole zimejaa vipokezi vya hisia, na ubongo umezitengea eneo kubwa kuliko la mgongo.

Sasa angalia nukta nundu. Nukta mbili zilizo jirani huachana takribani milimita 2.5, yaani kiasi ambacho ncha ya kidole inakimudu. Hilo halikuja kwa bahati. Kabla yake, shule ya wasioona ya Paris ilikuwa na vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Walioona walizisoma bila shida, lakini kidole kilihangaika kufuata kila mkunjo. Mwaka 1824, mwanafunzi wa hapo aitwaye Louis Braille, asiyeona, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshabuni mfumo wake wa nukta. Mfumo tunaoujua leo una nukta sita, na herufi nzima inaenea chini ya ncha ya kidole. Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, yeye akiwa amefariki miaka miwili nyuma.

Kwa hiyo kugusa kuna kanuni zake. Kidole kikitulia, hisia hufifia, ndiyo maana hukuwa unaihisi saa uliyovaa mpaka nilipoitaja. Kidole kikitembea, kinapata habari mpya kila hatua. Kumwambia asiyeona "usishikeshike vitu" ni sawa na kumwambia anayeona afumbe macho.

Turudi chuoni. Mhadhiri anachora ubaoni, anasema "kama mnavyoona hapa", pindi linaendelea. Mwenzetu asiyeona anasubiri jioni mtu amsomee madesa, kama huyo mtu atapata nafasi. Halafu tunamsifu eti ni jasiri. Sifa hazijibu mtihani. Anachohitaji ni desa la nukta nundu siku ileile tunayolipata sisi.

Kuna watakaosema siku hizi simu inasoma maandishi kwa sauti. Kweli, na inasaidia sana. Lakini anayesikia tu hajui koma imekaa wapi wala neno limeandikwaje, na ukimsomea mlinganyo mrefu wa hesabu, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Nani kati yetu angekubali kusoma digrii nzima kwa kusikiliza tu?

Napendekeza serikali yetu ya wanafunzi idai mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa ualimu, si wa elimu maalumu peke yao, afundishwe misingi ya nukta nundu kabla ya TP. Anayeona anaweza kuzisoma hata kwa macho, kwa hiyo hakuna kisingizio. Pili, mhadhiri anayechora aseme kwa maneno anachochora. Tatu, tunapoandaa zana za kufundishia, tutengeneze na za kugusa. Ramani ya Tanzania kwa uzi na gundi, maharage yakiwa ndiyo miji, haimalizi bumu la mtu.

Elimu jumuishi maana yake mwanafunzi huyo anaweza kuwa kwenye darasa lako la jiografia, huko utakakopangiwa, na mtaalamu wa karibu yuko wilaya nyingine. Atanyoosha mkono juu ya dawati kutafuta ramani. Hakikisha ipo.