Tusiitazame Asia kwa Macho ya Kuazima

Kila msimu wa kampeni unapowadia, wananchi husimuliwa hadithi ileile majukwaani: kwamba Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka 1963 ilikuwa bega kwa bega na Korea Kusini, na kwamba leo wenzetu wanatuuzia magari na televisheni ilhali sisi tungali tunalilia barabara na maji. Hadithi hiyo hupigiwa makofi, kisha watu hurudi makwao. Aghalabu anayeisimulia hajui hata herufi moja ya Kikorea, wala hajapata kuuliza ni nani katika vyuo vikuu vyetu awezaye kuzisoma kumbukumbu za Wakorea wenyewe na kutueleza ni lipi hasa walilolitenda.

Hapana shaka swali hili linatuhusu. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa benki ya Kichina. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Mkutano mkuu wa Japani na Afrika ulifanyika Nairobi mwaka 2016, mara ya kwanza kufanyika katika bara hili. Uhusiano wenyewe ni wa kale, kwani mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, na Wachina wakaliandika jambo hilo. Wao waliandika habari zetu. Je, sisi tumeandika nini juu yao?

Tungependa kuwaelekeza walimu na wanafunzi kwenye maisha ya msomi mmoja, Mmarekani Chalmers Johnson, aliyezaliwa Arizona mwaka 1931 na kuaga dunia mwaka 2010. Hatumtaji kwa kuwa hakukosea. Alikosea, na kosa lake ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi.

Johnson aliifikia Asia akiwa kijana katika jeshi la wanamaji wakati wa vita vya Korea. Japani ilimvutia, akaanza kujifunza lugha yake. Baadaye alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961, akafundisha hapo kuanzia 1962 hadi 1988, kisha akahamia tawi la San Diego.

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1962, kilijaribu kufumbua fumbo moja: kwa nini mamilioni ya wakulima wa China waliwafuata wakomunisti? Johnson alizisoma taarifa za jeshi la Japani, yaani za adui aliyekuwa akizichoma nyumba za wakulima hao. Humo aliona kwamba uvamizi ulioanza mwaka 1937 ndio uliowaamsha wanavijiji, na kwamba wakomunisti walipata wafuasi kwa sababu walisimama kuipinga Japani. Wako wasomi waliompinga, wakisema kwamba alipunguza mno uzito wa mageuzi ya ardhi. Hata hivyo, mjadala huo usingaliwezekana lau hakuna aliyekubali taabu ya kuisoma lugha ngumu.

Mwaka 1982 alitoa kitabu kilichomletea sifa zaidi, kuhusu wizara ya biashara na viwanda ya Japani iliyojulikana kwa jina la MITI. Aliifuatilia historia ya sera ya viwanda tangu 1925 hadi 1975, akaonyesha kwamba ustawi wa Japani haukuletwa na soko huria peke yake, wala haukufuata mpango wa amri kama wa Usovieti. Palikuwa na maafisa wa serikali waliochujwa kwa mitihani mikali, waliochagua viwanda vya kukuzwa, wakavielekezea mikopo na fedha za kigeni, huku wakiyaacha makampuni yashindane. Dola ya namna hiyo Johnson aliiita dola ya maendeleo.

Yafaa ikumbukwe kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wakizihimiza serikali za Afrika zijitoe katika uchumi na kuliachia soko kila jambo. Palikuwa na kitabu kilichosema kwamba taifa lililofaulu kuliko yote barani Asia halikupita njia hiyo. Mataifa yenye wataalamu wake wa Asia yangaliweza kukiweka mezani wakati wa mashauriano. Asiye na mtaalamu huja mezani akiwa na kalamu ya kutia sahihi tu.

Sasa tuje kwenye kosa. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Berkeley waliandamana kupinga vita vya Vietnam. Johnson aliviunga mkono vita hivyo, na kati ya 1967 na 1973 alikuwa pia mshauri wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kelele za wanafunzi zilimkera. Siku moja alikwenda maktabani kuangalia kama vitabu muhimu juu ya ukomunisti wa Asia vimeazimwa. Alivikuta vyote rafuni, havijaguswa. Akahitimisha kwamba vijana wale hawajui wanalolipigia kelele.

Miaka mingi baadaye, Johnson mwenyewe alikiri kwamba wanafunzi wale, pamoja na uvivu wao wa kusoma, waliielewa tabia ya dola ya Marekani kuliko alivyoielewa yeye. Yeye alivijua vitabu vya Asia, lakini hakuitazama serikali yake kwa jicho lilelile kali alilowatazamia wengine.

Kilichomfumbua macho ni Okinawa, kisiwa kidogo cha Japani kilichobebeshwa sehemu kubwa ya kambi za Marekani nchini humo. Mnamo Septemba 1995, wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumnajisi msichana wa miaka 12. Maelfu kwa maelfu ya wakazi waliandamana. Johnson alikizuru kisiwa hicho mwaka 1996, akajiuliza: ikiwa Usovieti ilivunjika mwaka 1991, kambi hizi zinamlinda nani? Wakenya wanaoishi karibu na kambi ya mafunzo ya wanajeshi wa Uingereza kule Nanyuki hawahitaji kufafanuliwa uzito wa swali hilo.

Kutokana na swali hilo alizaliwa mkosoaji. Mwaka 2000 alichapisha kitabu Blowback, akionya kwamba hila ambazo dola kubwa hutenda kwa siri ughaibuni huirudia yenyewe. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi twajua zaidi ya hapo. Bomu la Agosti 7, 1998 lililolenga ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua zaidi ya watu 200, na wengi wao walikuwa Wakenya ambao hawakuchimba kisima chochote.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, elimu ya siasa za mataifa haina mlango wa uani. Mwaka 1994 Johnson aliungana na mwenzake E. B. Keehn kuwakemea wasomi walioamini kwamba kanuni za jumla zatosha kuielewa nchi yoyote, bila lugha wala historia yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mgeni anayetufundisha lugha yake hatuwezi kumwachia pia kazi ya kutufasiria nia zake. Kijana aliyejifunza Kichina asiishie kuwa mkalimani wa mwanakandarasi. Apewe nafasi ya kutafiti, asome mikataba, magazeti na hotuba za wenyewe, kisha atuandikie.

Najua watakaouliza: kazi hiyo italeta ugali mezani? Swali ni la haki, hasa kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo. Lakini mkopo uliotiwa sahihi bila kueleweka hulipwa na mzazi huyohuyo, na baadaye na wajukuu wake. Ikiwa serikali hupata fedha za kuwalipa washauri wa kigeni, haikosi za kuwasomesha na kuwaajiri wataalamu wachache wa China, Japani na Korea.

Pili, kwenu wanafunzi: andamaneni inapobidi, lakini vitabu visikutwe rafuni vikiwa na vumbi. Na kwenu walimu: mwanafunzi asiyesoma huenda akawa ameona jambo ambalo vitabu vyenu vimelificha. Mkemeeni kwa uvivu wake, kisha msikilizeni.

Johnson alihitaji takriban miaka 30 kuzikutanisha elimu ya maktaba na dhamiri ya uwanja wa maandamano. Sisi tuna walimu na tuna vijana wenye akili. Tuanze mapema, ili siku mwanasiasa atakapoirudia hadithi ya Korea jukwaani, awepo hadhirani mwalimu wa Kenya atakayenyoosha mkono na kumuuliza: Mheshimiwa, umeisoma wapi?