Kipimo cha Maji Kigwena: Programu Ijaribiwe Kabla ya Chipu

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika, likaingia katika nyumba za wananchi wa Rumonge na Gatumba. Kijana wa Kigwena atakaye kuunda kipimo cha kuonya juu ya maji atasema hana kifaa. Kikwazo hicho si kikubwa kama kidhaniwavyo. Askari naye haanzi na risasi za moto.

Zipo programu za kuiga mikrokontrola, kama SimulIDE, ambazo huendesha maagizo ya chipu ATmega328P, yenye baiti 2,048 tu za RAM, kana kwamba ipo mezani. Faida yake kubwa ni juu ya wakati. Hesabu ya milisekunde ya biti 32 hujaa baada ya siku 49.7, ikarudi sifuri. Ikiwa mwandishi hakulijali hilo, kipimo kilichowashwa tarehe 1 Machi chaweza kunyamaza kabla Aprili haijaisha, mvua ikiwa ingali yanyesha. Katika mwigo, hesabu huanzishwa karibu na kikomo, na kosa huonekana papo hapo.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia chini ya dakika moja baada ya kuruka: namba ilizidi biti 16 katika programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba mwigo wa safari yenyewe ungaliweza kulifichua kosa hilo.

Lakini mwigo haujui unyevu, mawimbi, wala betri iliyochoka. Hayo hupimwa ufukoni, kando ya mti uliochorwa sentimita na mtu wa kuusoma.