Dogo anataka dakika, si mbio tu

UKIKAA na vijana wanaocheza Football Manager, ile gemu ya kompyuta inayokufanya wewe ndiye kocha, hukosi kusikia lalamiko hili: "Nimemkimbiza dogo msimu mzima, mbona hapandi?" Lalamiko hilo hilo tunalisikia viwanjani kila wikiendi. Tofauti ni kwamba uwanjani anayetukanwa ni mtu, na mama yake anasikiliza mechi redioni.

Ndani ya gemu hiyo, inayotengenezwa na Sports Interactive ya London, kila sifa ya mchezaji, iwe pasi, kasi au kukaba, ina alama kuanzia 1 hadi 20. Nyuma ya pazia kuna namba nyingine mbili zinazoweza kufika 200: uwezo alionao leo, na kikomo anachoweza kukifikia. Kazi ya mazoezi ni kuisogeza ile ya kwanza kuelekea ya pili, basi. Kikomo hakipandi hata umkimbize usiku na mchana.

Tangu toleo la 2019, ratiba ya wiki inapangwa siku kwa siku, na siku moja inabeba hadi vipindi vitatu. Wengi wanavijaza vyote, eti ndiyo kazi. Uchovu unapanda, msuli wa paja unakwenda, dogo anaangalia mechi akiwa jukwaani. Wajanja huacha nafasi ya kupumzika, hasa siku inayofuata baada ya mechi.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kinda akishakaribia miaka 20, mazoezi mazuri peke yake hayamtoshi. Anataka dakika. Asipocheza, hata kwa mkopo kwenye timu ndogo, ukuaji wake unadorora, hata viwanja vyako vya mazoezi viwe vya kifahari namna gani. Halafu kuna tabia. Gemu inahesabu bidii na nidhamu ya kazi, na inakuruhusu kumweka dogo kundi moja na wakongwe ili aige kwao. Ukimweka na wakongwe wavivu, ataiga uvivu. Hapo, jamani, hawakukosea.

Si kwamba wamepatia kila kitu. Cherno Samba, kinda wa Millwall, alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye Championship Manager ya msimu wa 2001/02, wakati huo gemu yao ikiitwa hivyo. Nje ya kompyuta, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ushindani na timu ya wakubwa ya Millwall. Namba zile zinakadiriwa na binadamu.

Lakini shabiki anayemvumilia dogo wa kwenye kompyuta kwa misimu mitatu, anamzomea wa kweli baada ya dakika 15. Akipoteza mpira mara mbili tu, jukwaa zima linadai atolewe, aingie "profesheno". Kocha, akiogopa kibarua kuota nyasi, anamtoa kweli. Wiki inayofuata dogo yuko benchi, mwezi ujao hata benchi hayupo, na sisi wenyewe tunarudi vijiweni kuuliza timu ya taifa itapata wapi washambuliaji.

Wikiendi hii, jina la kinda likisomwa kwenye kikosi cha kwanza, tunaomba aachwe amalize walau kipindi kimoja kabla ya kelele kuanza.